Gemu ya kriketi ibane kama uwanjani, au ichezeke kwanza?

Ova_ya_Mwisho (Dar)
Wakuu, heshima mbele. Jambo hili linanikera kwa muda sasa, naomba tulijadili kwa hoja. Zamani tulikuwa na Brian Lara Cricket ya Codemasters, baadaye Cricket 07 ya EA. Unashika pedi ya gemu, robo saa haijaisha umeshapiga mbio za nne na za sita, na hata asiyejua LBW ni kitu gani anakaa pembeni anashangilia. Mwaka 2014 wakaja Big Ant wa Melbourne na Don Bradman Cricket 14, wao ndio walioanzisha mambo ya vijiti viwili vya pedi, kimoja cha miguu, kimoja cha gongo. Tangu hapo kila toleo linazidi kubana. Ukiwahi kidogo mpira unapaa, ukichelewa kidogo unagusa ukingo wa gongo na mtu wa slipu, yule mlinzi wa nyuma ya mpigaji, anao. Kijana anayeanza anatolewa bila mbio hata moja, anatoka kwa sifuri, anatoka tena kwa sifuri, anarudi zake kwenye gemu za soka.

Msimamo wangu: gemu ichezeke kwanza, uhalisia ufuate. Na ninyi mnaopigania uhalisia muwe wakweli mpaka mwisho, maana uhalisia ni pamoja na Kenya kuwekwa timu dhaifu na Uganda kuwa juu yake. Mko tayari?

Pedi_Mkononi
Mkuu, vijiti viwili havikuanza 2014. Cricket 07 ilikuwa navyo, EA wakaviita Century Stick na wakaitangaza gemu kwa jina hilo. Wengi hamkuvijua kwa sababu mliicheza kwa kibodi ya kompyuta. Walicholeta Big Ant ni mpira wenye fizikia yake: ulipogusa gongo, na gongo lilikuwa na kasi gani, ndivyo vinavyoamua uelekeo. Cricket 07 ukishaijua siri yake unapiga pale pale kila mpira na mpira unapita pale pale. Hiyo ni furaha ya wiki moja.

SimbaWaRuaraka
Subirini kwanza. "Kenya kuwekwa timu dhaifu." Umeandika hivyo bila haya? Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Test (zile mechi za siku tano) iliyowahi kufika hapo. Collins Obuya aliwaondoa wapigaji watano wa Sri Lanka akitoa mbio 24 tu, Nairobi, mbele ya macho yetu. Na huyo Lara, mpigaji wa West Indies, ambaye jina lake liko kwenye gemu unayoililia, Kenya ilimtoa kwa mbio 8 kwenye Kombe la Dunia la 1999, West Indies nzima ikaishia 93. Halafu unatuita dhaifu.

Lugogo_Oval
Ilikuwa 1996, Pune, India. Ninyi mlikuwa na mbio 166. Ushindi mkubwa, siupingi. Lakini kaka, watoto waliozaliwa siku ile sasa wana watoto wao. Sisi Novemba 2023 kule Windhoek tuliifunga Zimbabwe, tukaifunga na Kenya, tukaenda Kombe la Dunia la T20 2024, la mechi za ova ishirini. Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha ova nne (ova ni mipira sita) dhidi ya Papua New Guinea akatoa mbio 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani aliwatoa wapigaji wawili. Mleta mada kasema ukweli, vumilieni.

SimbaWaRuaraka
Na zile 39 je? Mbona hizo huzitaji? West Indies waliwamaliza timu nzima kwa mbio 39, siku chache baadaye New Zealand wakawamaliza kwa 40. Timu hiyo ndiyo iwekwe juu ya Kenya? New Zealand hao hao mwaka 2003 waliogopa kuja Nairobi!

Lugogo_Oval
Waliogopa hali ya usalama, hawakuwaogopa ninyi. Pointi zile mlipewa mezani, na ndizo zilizowabeba.

SimbaWaRuaraka
Mezani? Sri Lanka tuliifunga mezani? Bangladesh mezani? Zimbabwe kwenye Super Six, hatua ya timu sita, mezani? Rudi ukasome kabla hujaandika tena.

BintiUpanga
Kaka zangu, tafadhali. Swali la mleta mada ni zuri na linapotea.

Mleta mada anaamini ukiongeza uhalisia lazima upunguze utamu. Mimi nimeshika gongo tangu shule na sikubali. Mrushaji wa kilomita 140 kwa saa, kwenye pichi ya mita 20, mpira wake unakufikia ndani ya nusu sekunde hivi. Hakuna binadamu anayesubiri auone vizuri ndipo aamue. Mwaka 2000 watafiti Michael Land na Peter McLeod waliwavalisha wapigaji kamera inayofuata macho. Waliona kwamba mpigaji hautazami mpira safari nzima. Anautazama unapotoka mkononi, kisha macho yake yanaruka mbele na kuungoja mahali utakapotua. Mpigaji bora anaruka mapema kuliko wa kawaida. Na wazoefu wanaanza kusoma hata kabla ya hapo: mkono wa mrushaji, bega, kifundo.

Sasa njooni kwenye gemu. Mrushaji ni kiumbe kidogo kule mbali kwenye kioo, kifundo chake hukioni, na televisheni nayo inachelewesha picha. Kwa hiyo ile alama ya chini inayoonyesha mpira utatua wapi, ile mnayoidharau kwamba ni ya wanaojifunza, ndiyo inayomrudishia mchezaji kile ambacho mpigaji wa kweli anacho. Ukiiondoa kwa jina la uhalisia umemziba macho, na uwanjani hakuna mpigaji anayecheza amezibwa macho. Gemu kuwa ngumu hakuifanyi kuwa ya kweli. Wengi wenu mmecheza kriketi kwenye kioo tu, ndiyo maana hili hamlioni.

Pedi_Mkononi
"Mmecheza kriketi kwenye kioo tu." Dada yangu, hunijui. Mimi nimekulia Mombasa, nimesimama mbele ya mpira mpya asubuhi upepo wa bahari ukiuvuta, bila kofia ya chuma. Usinifundishe kriketi. Alama huwa naizima na napiga hamsini. Nimejifunza, na ye yote anaweza kujifunza.

BintiUpanga
Kaka, nimeandika aya mbili za hoja, wewe umejibu sentensi moja. Umejifunza, sawa. Umejifunza kucheza gemu ile. Hoja yangu ilikuwa kama inafanana na kriketi.

AmeratUsiku (Muscat)
Assalamu alaykum jamaa zangu. Huku kwetu vijana wa Kihindi na Kipakistani ninaofanya nao kazi bado wanaicheza Cricket 07, na mashabiki wenyewe wanaendelea kuitengenezea jezi na wachezaji wapya. Ndugu yangu wa pedi aliyesema furaha ya wiki moja, gemu ilitoka mwisho wa 2006. Wiki hiyo imekuwa ndefu.

Mimi naona tatizo kubwa ni muda, na hakuna aliyeligusa. Mechi ya Test ni siku tano, ova 90 kwa siku, jumla mipira 2,700. Hata ukichukua sekunde 15 kwa kila mpira unazidi saa kumi na moja. Nani mwenye familia atakaa hapo? Basi watu wanachagua mechi ya ova tano. Sasa fikirini: mipira 30, wiketi bado 10. Wiketi haina thamani tena. Kwa nini nijilinde, ilhali nina watu kumi wa kupoteza katika mipira thelathini? Nabeba gongo natupa mkono. Hapo hata fizikia iwe ya mbinguni, kinachochezwa si kriketi, maana kriketi yote iko kwenye woga wa kutoka. Mtu akitaka gemu ya kweli inayochezeka aanzie hapa: kwenye mechi fupi apunguze wiketi, au ukingo wa gongo uwe mkali zaidi. Kwenye Test ageuze: aniruhusu kupitisha ova za ulinzi haraka na aniite mpira mpya unapochukuliwa ova ya 80.

Ova_ya_Mwisho (Dar)
Hilo la wiketi kumi katika ova tano sijawahi kulisoma popote, na linaunga mkono hoja yangu: uhalisia unatakiwa kukunjwa ili watu wacheze.

BintiUpanga
Linaunga mkono yangu. Yeye anataka wiketi iwe na thamani kama uwanjani. Huo ndio uhalisia wenyewe, upo kwenye uamuzi wa mpigaji. Jasho la jezi na majani ya uwanja ni mapambo.

SimbaWaRuaraka
Mleta mada bado hajaomba radhi kwa Kenya. Na kabla ya kutupangia viwango, Tanzania imefanya nini kwenye kriketi? Kombe gani la Dunia mlilocheza ninyi?

Ova_ya_Mwisho (Dar)
1975, England, Kombe la kwanza kabisa. Timu ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa jezi moja. Tulikuwepo kabla Kenya haijacheza peke yake. Ungeanza hapo, mkuu, badala ya kuuliza kwa dharau.

Lugogo_Oval
Na timu hiyo ilifungwa mechi zake zote tatu. Wekeni uhalisia huo pia kwenye gemu.

Ova_ya_Mwisho (Dar)
Kufungwa si aibu. Aibu ni kutokuwepo, na kwenye gemu nyingi hizi za leseni kubwa sisi hatupo, au tupo kwa majina ya kubuni. Hilo ndilo linalouma kuliko kiwango.

AmeratUsiku (Muscat)
Leseni ni fedha, ndugu zangu. Soko la gemu hizi ni dogo na watengenezaji ni wachache. Mnakumbuka Ashes Cricket 2013? Iliingia Steam, duka la gemu la mtandaoni, Novemba, ikaondolewa baada ya siku chache, 505 Games walioitoa wakawarudishia watu fedha. Wachezaji wa ulinzi walikuwa wakiuacha mpira upite kama hawauoni. Ilikuwa haina uhalisia wala haichezeki. Kwa hiyo nawaheshimu Big Ant pamoja na kasoro zao zote, maana wao wamebaki. Na tangu Don Bradman Cricket 14 kuna sehemu ya Academy, unaunda mchezaji, unaunda timu, unaipandisha na wenzako wanaipakua. Anayelilia Kenya aiunde.

SimbaWaRuaraka
Niiunde ipi? Ya sasa au ya 2003?

Lugogo_Oval
Ya sasa. Kiwango ni cha leo. Kenya ilipoteza hadhi ya ODI, mechi za kimataifa za ova 50, mwaka 2014, hiyo ni rekodi, haifutiki kwa hasira.

SimbaWaRuaraka
Gemu zinawaweka magwiji waliostaafu siku zote, jina la Bradman liko kwenye jalada na alicheza Test ya mwisho 1948! Kwa nini Steve Tikolo, nahodha wetu wa 2003, asiwepo? Wastani wa Bradman wa 99.94 unaheshimiwa milele, lakini siku kumi bora za Kenya mnataka zifutwe kwa sababu leo tumeanguka?

Pedi_Mkononi
Hapo Simba kapiga katikati ya gongo. Mimi naunga mkono 2003. Nitaunda warushaji. Martin Suji nampa kasi ya wastani na mpira unaotoka nje. Obuya spini ya mguu, mpira unaogeuka ukishatua, mzunguko juu sana, usahihi wa kati, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mpira mmoja dhahabu, mmoja unapigwa nne.

BintiUpanga
Na mkimaliza wanaume undeni timu ya wanawake ya Tanzania, nitawasaidia kwa majina na staili zao. Ashes Cricket ya 2017 iliweka wanawake wa Australia na England, kwa hiyo miili na mienendo imo. Sitakubali mtu achukue mwanaume ambadilishe nywele tu.

Lugogo_Oval
Naunda Uganda ya 2024. Nsubuga namuweka usahihi wa juu kabisa.

SimbaWaRuaraka
Na upigaji wenu uweke wa mbio 39.

Lugogo_Oval
Nitauweka wa siku ile ya Papua New Guinea, tulipofukuzia mbio zao tukashinda tukibakiwa na wiketi tatu. Ukichagua siku yako ya 2003, nami nachagua yangu.

Ova_ya_Mwisho (Dar)
Basi tucheze. Kenya 2003 dhidi ya Uganda 2024, ova ishirini kamili, siyo tano, nimemsikia mzee wa Muscat. Ugumu wa kati.

Pedi_Mkononi
Alama ya mpira izimwe.

BintiUpanga
Iwashwe.

Pedi_Mkononi
Dada, tukiwasha kila mtu atapiga sita.

BintiUpanga
Siyo kweli. Alama inakuonyesha mpira utakapotua. Haikuonyeshi utageuka kiasi gani ukishatua, na Obuya wako umempa mzunguko juu sana. Ukiwasha nitakuona unavyocheza spini. Ukizima nitaona tu unavyobahatisha.

SimbaWaRuaraka
Mimi alama sina shida nayo. Uwanja tu uwe Nairobi Gymkhana, palipofungwa Sri Lanka. Kama haumo kwenye orodha, utengenezwe. Sichezi kwingine.

AmeratUsiku (Muscat)
Uwanja huo nimeutafuta kwa wanaotengeneza viwanja, bado sijauona. Mwenye picha nzuri za jengo la klabu na umbali wa mipaka atume, nitaujenga mwenyewe. Nahitaji hasa upande wa jua la alasiri.