MREJESHO: Ule mchanga wa Kigamboni na lami

Wakuu, niliuliza kama mchanga wetu wa Kigamboni unaweza kuchanganywa na lami ukawa tabaka la chini ya barabara badala ya kusomba kokoto kutoka mbali, nimerudi. Imekubali aisee ila sio kirahisi. Ile lami ya maji, emalsheni (lami iliyochanganywa na maji ili imwagike bila kuchemshwa), tulianza kuimwaga kwenye mchanga mkavu ikashikana mabonge mabonge, jamaa wa maabara akacheka akasema lowesheni kwanza, tukaweka maji kidogo na saruji asilimia 1 ndo ikasambaa vizuri, rangi ikatoka kahawia ikawa nyeusi. Halafu rola tukapitisha mapema, ikawa inabonyea kama godoro, tukaiacha ipigwe jua siku mbili ndo tukashindilia. Kile kipande cha barabara chenye udongo wa mfinyanzi kimetushinda, huko tumeweka chokaa tu.