Naomba ushauri: mama ana vidonda vya tumbo na ameandikiwa carbocisteine (dawa ya kulainisha makohozi)

Habari zenu wapendwa. Mama yangu amepikia kuni maisha yake yote kule Njombe, na sasa daktari amesema ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Asubuhi ndiyo balaa. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, makohozi mazito yamenata kooni hayapandi wala hayashuki. Inhela anayo. Juzi kaongezewa carbocisteine ya mg 375, kapsuli mbili mara tatu kwa siku, halafu apunguze akipata nafuu.

Kinachonitia hofu ni kwamba mama ana vidonda vya tumbo, na karatasi ya ndani ya boksi inasema mwenye vidonda asitumie, kwa sababu dawa inayolainisha makohozi inaweza kugusa hata ute unaolinda tumbo. Daktari hakumuuliza, na mama hakusema (wazee wetu hawa, mpaka uwachimbe). Nimemwambia asianze kwanza, Jumatatu tunarudi kwa daktari.

Wafamasia, wauguzi na mliouguza wazazi: tukaulize nini hasa? Acetylcysteine (dawa nyingine ya makohozi) ya kuyeyusha kwenye maji nayo ina tahadhari hiyo hiyo? Kuna mazoezi ya kupumua ya kutoa makohozi yaliyowasaidia wenu?