Mdogo wangu ana waranti Texas, watatukatia fudistempu nyumba nzima?

MamaTunu: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Nipo Ohio na wanangu wawili, mdogo wangu alihamia kwetu akitokea Texas na anafanya kazi ghalani. Jana imekuja barua ya fudistempu, huu msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, eti jina lake limeonekana ana waranti, yaani hati ya kukamatwa, kesi ya kuharibu mali, hakutokea mahakamani. Yeye anasema barua ya mahakama ilienda anuani ya zamani, hakuiona kabisa. Sasa naambiwa msaada utapunguzwa na tarehe wameweka. Watoto watakula nini jamani?

Bwana_Ujiji: Pole dada. Andika tu kwamba amehama, yaishe.

ShangaziRehema: Hapana, usimdanganye mwenzio! Wanapika chungu kimoja halafu aandike kahama, huo ni udanganyifu, mara ya kwanza tu wanamfungia msaada mwaka mzima. MamaTunu sikiliza, waranti peke yake haitoshi. Sheria ya 1996 inamnyima msaada anayekimbia kesi, ila kanuni za 2015 zimebana maana ya kukimbia, lazima liwe kosa kubwa lile la jela zaidi ya mwaka mmoja, awe alijua au alipaswa kujua kwamba anatafutwa, awe amefanya jambo la kukwepa kukamatwa, na polisi wawe wanamtafuta kweli sasa hivi. Ofisi inawauliza polisi, wanapewa siku 20 wajibu, wakinyamaza basi hahesabiwi mkimbiaji. Majimbo mengine wanaangalia kama waranti yenyewe ni ya kutoroka, na waranti ya mdogo wako siyo ya kutoroka. Kwa hiyo barua ilienda anuani ya zamani ni hoja kubwa sana hiyo, tafuteni mkataba wa nyumba unaoonyesha alihama lini.

MamaTunu: Asante shangazi. Na wanangu?

ShangaziRehema: Wanao na wewe haki yenu iko palepale, anayetolewa ni yeye tu. Ila ujue akitolewa mshahara wake bado wanauhesabu wote, ndo maana pesa ya chakula kwenye kadi inashuka sana. Andika ombi la kusikilizwa rufaa yako kabla ya hiyo tarehe, useme unataka msaada uendelee wakati unasubiri, na ubaki na kopi yenye muhuri. Ukishindwa watakudai ulichopokea, hilo nakwambia mapema.

Kaka_Dayton: Nyongeza kwa wenye wazazi wa SSI, ile pesa ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, tangu makubaliano ya kesi ya Martinez mwaka 2009 wanasimamisha hiyo pesa kwa waranti za kutoroka tu, kwa hiyo msikubali kirahisi.

Mwanasheria_Mtarajiwa: Dogo asiende polisi peke yake kuuliza, atawekwa ndani hapohapo. Apate wakili wa Texas aombe waranti ifutwe na tarehe mpya ipangwe. Kama hana uraia wakili wa uhamiaji aone kesi kwanza kabla hajakiri chochote.

MamaTunu: Mungu awabariki. Mkataba wa Texas anao kwenye simu, kesho asubuhi tunauprinti napeleka na ombi.