Kituo cha Kiingereza kimemfundisha mdogo wangu kwamba "run" ni kukimbia tu, na pampu yangu imeungua

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi mitatu nilimlipia mdogo wangu ada ya kozi ya Kiingereza katika kituo kimoja hapa Ujiji, ambacho jina lake nalihifadhi. Alitoka huko na cheti pamoja na daftari lenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Katika ukurasa wa nne mwalimu ametia alama ya vema pembeni ya mstari huu: run – kimbia. Hakuna kingine.

Mimi hulima nyanya na mchicha katika bonde la Mto Luiche, na kiangazi kilipokaza nilinunua pampu ya petroli. Juu ya tangi lake palibandikwa karatasi nyekundu yenye maneno "Do not run dry". Nikamwita msomi wetu. Akasoma, akafikiri, akasema, "Kaka, wanasema usikimbie pakiwa pakavu." Tukacheka, tukadhani watengenezaji wanaogopa mtu asijikwae kwenye mpira, tukaiwasha na kwenda kupalilia. Maji yalipopungua, mdomo wa mpira wa kunyonyea ukabaki nje, pampu ikaendelea kuunguruma ikiwa tupu, na sili yake, ambayo hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma, ikaungua. Kumbe karatasi ilikuwa inatukataza kuiendesha bila maji.

Nilipokwenda kulalamika, mkuu wa kituo alinijibu, bila hata kunikaribisha kiti, kwamba hicho ni "Kiingereza cha mashine" na hakimo katika kozi yao. Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza ambako masomo ni kwa Kiingereza, hukutana na kitenzi hicho kila anakogeuka: mtu akigombea ubunge, programu ikiendeshwa kwenye kompyuta, mto ukitiririka, mpaka wa nchi ukipita kati ya ziwa. Hata nyumbani, kamasi zikimtoka mtoto, kanga mpya ikichuja rangi, chumvi ikiisha, mjomba akiendesha duka, au basi la Kasulu likifanya safari zake, Mwingereza huweza kuyasema yote kwa "run", pengine akiongeza kijineno kinachogeuza maana nzima. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, ilhali "run over" ni kumkanyaga kwa gari. Tofauti hiyo ni ya kumfundisha mtu kabla hajapewa cheti!

Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi hiki, walihesabu maana 645. Katika toleo lao la mwaka 1989 aliyekuwa akiongoza ni "set", mwenye maana 430. Sidai zifundishwe zote, maana hata Waingereza wenyewe hawazimalizi. Nadai mwanafunzi aambiwe kwamba nyingi kati ya hizo zina wazo la kitu kinachokwenda bila kukatika, kiwe ni miguu, maji, injini au biashara, kisha apewe sentensi za kujaribia. Sisi wenyewe tunapiga simu, pasi, mswaki, kura na magoti, wala hakuna anayeumia. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa, na basi, atatuonaje akisikia tumewapiga watoto picha?

Pampu bado iko kwa fundi pale Mwanga, na ada hawataki kuirudisha. Mwenye kukijua kituo chochote hapa Kigoma, au hata Tabora, kinachofundisha vitenzi ndani ya sentensi, naomba aandike hapa. Jana mdogo wangu alifungua daftari lake, akaniuliza kama "get" nayo ni kupata tu.