Lorde: tumesubiri miaka minne, mdundo uko wapi?

Fundi wa Kirumba
Wakuu, habari zenu. Yule mwimbaji Lorde katoa albamu mpya, Solar Power, tarehe 20 Agosti 2021, nyimbo 12. Mimi ni fundi nguo hapa Mwanza, spika yangu inakaa juu ya kabati la vitambaa. Albamu yake iliyopita, Melodrama ya 2017, ndiyo nimeshonea sare za shule miaka yote hii; ukifika wimbo wa Green Light mguu wenyewe unaongeza kasi kwenye cherehani. Hii mpya nimeiwasha, nyimbo nne zimepita nikadhani ni mmoja. Gita, gita, waitikiaji wananong'ona kwa nyuma. Mteja kaniuliza kama nimefiwa! Sauti yake sina shida nayo. Lakini mdundo kaupeleka wapi? Si prodyuza ni yule yule wa Melodrama, Jack Antonoff?

Binti Bahari
Fundi, ile ya 2017 ilikuwa ya usiku wa pati. Hii ni ya jua na pwani ya kwao New Zealand. Dada kachoka na umaarufu, anaimba kabisa kwamba simu anaitupa majini. Hata CD kakataa kutoa, kwa ajili ya mazingira. Mtu wa hivyo unataka akuchezeshe disko? Funga duka, isikilize jioni.

Mzee wa Besi
Na wimbo wake Royals wa 2013 je? Vidole vinaalika, besi kidogo, polepole, na ulishika namba moja Marekani. Upole si hoja.

Fundi wa Kirumba
Hapo ndipo ninapogomba, mzee. Royals ni ya polepole, lakini besi ikiingia unaisikia kifuani. Hii Solar Power inanipandisha ngazi, nikifika juu hakuna chumba. Wimbo ule wenye jina la albamu ngoma zinaingia karibu na mwisho, nikasema haya sasa, wimbo huo ukaisha! Jioni nimejaribu, Binti. Oceanic Feeling, dakika sita na ushee, hiyo nimeielewa. Zilizobaki nasinzia.

Binti Bahari
Septemba 2021 kaongeza nyimbo tano kwa jina la Te Ao Mārama, za albamu hii hii kaziimba Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand. Mimi zimenigusa kuliko za Kiingereza. Polepole vilevile, usije ukalalamika tena.

Fundi wa Kirumba
Naishusha, nitaisikiliza Jumapili. Kesho nina vitenge vya harusi vya kumaliza, hiyo ni Melodrama mpaka asubuhi.