Joto ndilo linaloua matumbawe: kufunga mwamba kuna faida gani?

Mwenye mada, Mkoani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila penye mazungumzo ya kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi juu yake, hapa Pemba nasikia hoja moja: matumbawe yanakufa kwa joto, joto limeletwa na viwanda vya nchi kubwa, sasa mvuvi wa ngalawa anazuiwa kwa kosa la nani?

Hoja hiyo ni ya haki, siidharau. Hata hivyo mimi nasema tufunge, na si ile miezi mitatu ya kuzuia kuvua pweza kisha kufungua. Pweza hukua haraka, mwamba ukifunguliwa anapatikana mkubwa, basi. Nataka kila shehia itenge kipande kisichoguswa na mtego, nyavu wala mchokoo, mwaka hadi mwaka.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake mna vijimea vidogo sana vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Bahari ikizidi joto lake la kaskazi kwa digrii moja tu, likakaa wiki kadhaa, vijimea hutoka na tumbawe hubaki jeupe, lina njaa. Maji yakipoa mapema hupona, yakichelewa hufa. Ndipo mkono wetu unapoingia: juu ya mwamba mfu huota majani, na vitoto vya matumbawe havipati pa kushika. Wanaoyala majani hayo ni samaki, pono na kangaja. Aliyezamia kisiwa cha Misali anaijua sauti ya pono akikwangua mwamba. Tukiwamaliza hao, nani atasafisha? Joto lilipiga 1998, likaja 2016, likarudi 2024. Nafasi ya kupona inazidi kuwa fupi.

Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ni hifadhi tangu 1994 na mwamba wake hauvuliwi. Nako kulipauka 2016, maana joto halizuiliki kwa doria. Lakini pono wapo.

Mkulima wa mwani, Micheweni:
Kaka yangu, umesema vizuri kuhusu pono, ila sisi wanawake hukututaja. Mwani ulipoanza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 tuliambiwa huu ndio mkombozi wetu. Sasa kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haistahamili maji ya moto. Unaikuta imepauka, inakatika kwenye taitai, vile vijikamba vya kufungia, kamba inabaki tupu. Aina nyingine, spinosamu, inavumilia kidogo, bei yake ya chini. Bonde la mpunga nalo limeingiwa na maji ya chumvi. Kilichobaki ni kushuka maji yakipwa, kuchokoa pweza na kuokota chaza. Nanyi kila mkitafuta pa kufunga mnachagua pale pale tunapofika kwa miguu, kwa sababu ndipo pepesi kulinda!

Mwenye mada, Mkoani:
Dada, hapo nakuunga mkono kabisa. Kipande kitengwe upande wa kina, kwenye mteremko wa mwamba wanakokaa pono wakubwa, na mwambao wa kupwa ubaki wazi kwa wanaokwenda kwa miguu.

Mvuvi wa mitego, Wete:
Yaani mzigo wote tubebe sisi wa madema, mitego ya samaki? Dago, makundi ya wavuvi wanaohamahama, zinakuja hapa kutoka mbali, zinavua usiku na kuondoka. Kamati ya shehia haina boti wala mafuta ya doria. Mkinifungia mimi mwenyeji, yule mgeni wa usiku mtamzuia kwa kitu gani? Nijibuni hilo kwanza, ndipo tuzungumze kipande kiwe wapi.