MREJESHO: Skana ya redio ndani ya gari, Indiana

Wakuu, niliuliza kama naweza kuendesha gari Indiana, jimbo la Marekani, nikiwa na skana inayonasa masafa ya polisi. Asanteni sana mlionifumbua macho: nyumbani au mahali pako pa biashara ruksa, lakini kutembea nayo ni kosa, isipokuwa uwe na leseni ya redio ya ridhaa (ya wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, si kwa biashara). Nikaichomoa siku ileile, waya ukabaki unaning'inia kwenye dashibodi. Nikaamua kuitafuta leseni hiyo. Mtihani wake nilifeli mara ya kwanza. Mara ya pili nikapata 31 kati ya 35, kufaulu ni 26. Sasa skana imerudi, na nakala ya leseni haitoki kwenye gari. Ila polisi wa huku wamesimba mawasiliano yao (wameyafunga kwa msimbo, skana haiyafungui), nasikia zimamoto tu. Ndugu uliyeshauri niifiche skana chini ya kiti, samahani, hilo sikulifuata.